Baba Amepofuka, Dada Ameanza Matone: Je, Nipime Jeni?

Swali: "Daktari, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Nakuru, miaka 41, kwetu ni Vihiga. Mzee wetu ana miaka 74 na haoni kabisa. Alianza kulalamika akiwa na hamsini na kitu, akaambiwa ni mtoto wa jicho, asubiri 'iive' ndipo apasuliwe. Aliporudi, daktari mwingine akasema hii ni glakoma na wakati umepita. Mwaka jana dada yangu mkubwa, miaka 46, alienda kutafuta miwani ya kusomea, akaambiwa naye anayo. Tumezaliwa sita. Mimi nilipimwa presha ya macho kwenye kambi ya matibabu kanisani, ikasoma 19, nikaambiwa niko sawa. Sasa binamu yangu aliye Marekani anataka kunitumia kile kifaa cha kupima jeni kwa mate. Je, nipime? Na binti yangu wa miaka 9, ambaye macho humwasha tangu akiwa mdogo na hutumia dawa ya matone ya kununua dukani, naye ameshaanza?"

Jibu: Mwalimu, pole kwa ya mzee. Nitaanza na jibu lenyewe ili usilitafute mpaka chini. Kipimo cha mate hukihitaji. Kama binamu ameshalipa, mshukuru, temea hicho kichupa ukipenda, lakini majibu yake yasikufanye ulale usingizi wala yasikunyime. Kipimo cha jeni cha ukoo wenu kilishafanyika, na waliokifanya ni mzee na dada yako. Unachodaiwa sasa ni kuketi mbele ya mtu anayejua kutazama mshipa wa fahamu wa jicho, mboni ikiwa imetanuliwa kwa dawa, mwezi huu na si Desemba. Wewe na wale ndugu wanne waliobaki. Kuhusu binti, swali lako ni zito kuliko ulivyolifikiria, ila si kwa sababu uliyoifikiria. Nitalifikia.

Kwanza jina. Sisi wenyewe tumeuharibu ugonjwa huu kwa kuuita "presha ya macho". Mtu akisikia presha anawaza ile ya damu, anaacha chumvi, anadhani amemaliza. Presha ya damu na ya jicho ni vitu viwili. Ndani ya jicho, mbele ya lenzi, kuna maji safi yanayotengenezwa usiku na mchana. Si machozi. Yanatoka nyuma ya mboni, yanapita mbele, kisha yanachujwa kwenye ile pembe ambapo konea, kile kioo cha mbele cha jicho, inakutana na sehemu yenye rangi, na kurudi kwenye damu. Ni kama tangi la juu ya paa lisilo na boya: maji yanaingia tu, hayangoji. Chujio likianza kuziba, msukumo unapanda, na unaoumia ni mshipa wa fahamu ulio nyuma ya jicho, ule unaopeleka picha kwenye ubongo. Una nyuzi kama milioni moja. Zinakufa kidogo kidogo, bila maumivu, na robo hadi theluthi yake inaweza kupotea kabla hata mashine ya kupima eneo la kuona haijaonyesha dosari ya wazi. Mwenyewe haoni giza pembeni kama watu wanavyodhani. Ubongo unajaza pengo kwa kubuni. Mwalimu anaweza kufundisha miaka mitano bila kujua kuwa mtoto wa dawati la kona, upande wa dirisha, hamwoni mpaka ageuze kichwa. Ndiyo sababu dada yako alienda kwa ajili ya miwani ya kusomea. Wengi ninaowagundua mapema walikuja kwa ajili ya kitu kingine.

Sasa urithi. Watu wakisikia "ni ya kurithi" wanawaza kitu kimoja kinachoshuka kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto kama shamba lenye hati. Glakoma ya kwenu, ile ya kawaida ambayo pembe ya jicho iko wazi, mara nyingi haishuki hivyo. Inashuka kama harambee. Kila jeni inachangia kidogo: hii inafanya chujio liwe zito kidogo, ile inafanya mshipa uwe dhaifu kidogo, nyingine inafanya konea iwe nyembamba. Hakuna mchango mmoja unaojenga nyumba, lakini ukipita na kapu kwa watu wa kutosha nyumba inasimama. Mwaka 2021 kundi kubwa la watafiti lilikusanya data za wagonjwa zaidi ya 34,000, likapata sehemu 127 kwenye vinasaba ambazo zinahusiana na ugonjwa huu. Mia moja ishirini na saba, Mwalimu. Na bado hazielezi urithi wote.

Ipo pia harambee ambayo anakuja mgeni wa heshima, anaandika hundi moja na kumaliza kazi. Hao wapo, ila ni wachache. Anayejulikana zaidi ni jeni iitwayo MYOC, iliyo kwenye kromosomu ya 1. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa huko Marekani walionyesha kuwa ikiharibika inaleta glakoma. Jeni hiyo hutengeneza protini kwenye seli za lile chujio. Nakala yake ikiwa na kosa, protini inajikunja vibaya, haitoki nje ya seli, inarundikana ndani mpaka seli inachoka na kufa. Ukitaka picha, kumbuka magugu maji yanavyojaa ghuba ya Winam mpaka mashua za Dunga zinashindwa kutoka. Mwenye nakala moja mbovu anatosha kuugua, na kila mtoto wake ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuirithi. Lakini kati ya watu wazima 100 wenye glakoma ya kawaida, wanaobeba kosa la jeni hii ni wawili hadi wanne tu. Wenye makosa makali zaidi hujitambulisha: wanaugua wakiwa vijana, hata chini ya miaka 20, msukumo unapanda hadi 40 na zaidi, na katika kila kizazi wamo kadhaa. Mzee wako alianza akiwa na hamsini na kitu, dada amegunduliwa akiwa na arobaini na kitu. Sioni dalili za mgeni wa heshima hapo. Ninaona harambee ya wanakijiji.

Wapo wageni wa heshima wengine ambao sitakaa nao. OPTN, iliyotangazwa 2002, na TBK1, iliyofuata 2011, huharibu mshipa hata msukumo ukiwa wa kawaida. CYP1B1 huwapata watoto wachanga, na inahitaji nakala mbili mbovu, moja ya baba na moja ya mama: mtoto anazaliwa na macho makubwa kupita kiasi, yenye ukungu, yanatoa machozi na kukimbia mwanga. Watu humsifu kwa macho mazuri makubwa. Ukiona mtoto wa namna hiyo, usisifu, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Ile jeni nyingine nitakaa nayo kidogo, kwa sababu ndiyo inayojibu swali la kifaa cha mate vizuri zaidi. Inaitwa LOXL1. Mwaka 2007 watafiti walikuta Iceland na Sweden kwamba watu wenye herufi fulani kwenye jeni hii, yaani tofauti ndogo katika maandishi yake, wako hatarini kupata aina ya glakoma ambayo unga mweupe kama mba hujikusanya ndani ya jicho na kuziba chujio. Ugunduzi safi kabisa. Kisha wengine wakaenda kupima Japani, na wengine wakapima watu weusi wa Afrika Kusini. Wakakuta kinyume! Herufi iliyokuwa ya hatari kule kaskazini, huku ilikuwa ya wale wasiougua, na ile ya salama ndiyo ya wagonjwa. Maana yake ni kwamba herufi ile yenyewe huenda si mwizi. Ni jirani wa mwizi, na majirani hubadilika kutoka kijiji hadi kijiji. Sasa fikiria kifaa kilichotengenezwa kwa kusoma majirani wa Ulaya, kinakuja kusoma vinasaba vya mtu wa Vihiga. Kinaweza kukuambia "hatari ndogo" kwa ujasiri mkubwa, na barua yenye nembo nzuri.

Si kwamba sisi hatumo kwenye vitabu vya jeni. Hili huwashangaza wagonjwa wangu wa upande wa Bungoma: Waluhya wa Webuye ni miongoni mwa watu wanaotumiwa duniani kote kama kipimo cha vinasaba vya binadamu. Katika ule mradi wa kimataifa uliosoma vinasaba vya watu 2,504 kutoka jamii 26, ukakamilika mwaka 2015, wamo, wameandikwa wazi "Waluhya wa Webuye, Kenya". Mtafiti wa Tokyo akitaka kujua kama herufi fulani ipo Afrika Mashariki, anawaangalia binamu zako. Lakini waliotoa damu hawakuulizwa habari za afya zao, na hakuna aliyewatazama macho. Tunajua herufi zao. Hatujui nani kati yao alipofuka.

Kazi imeanza kufanyika kwa watu wetu, na hapa niwe wa haki. Mwaka 2019 muungano wa watafiti waliofanya kazi na wagonjwa wa Ghana, Nigeria, Afrika Kusini na Wamarekani weusi walitangaza jeni iitwayo APBB2, ambayo herufi yake ya hatari inapatikana kwa wenye asili ya Afrika na si kwa Wazungu wala Waasia. Mwaka 2024 wakafuata watafiti wa Philadelphia na wenzao, na zaidi ya watu 11,000 wenye asili ya Afrika. Ni mwanzo mzuri. Lakini Wamarekani weusi wengi asili yao ni Afrika Magharibi, na kutoka Accra hadi Mbale ya Vihiga ni mbali, kwa ndege na kwa vinasaba pia. Bara hili lina tofauti za vinasaba nyingi kuliko mabara mengine yote. Kwa hiyo alama zile wanazojumlisha ili kumwambia mtu "uko katika asilimia kumi ya juu kwa hatari", ambazo kwa Wazungu zimeanza kuwa na maana, kwetu bado zinapepesuka.

Nilikuambia kipimo kilishafanyika. Hiki hapa. Huko Rotterdam, Uholanzi, watafiti waliwafuata ndugu na watoto wa wagonjwa wa glakoma, wakawapima kwa macho yao wenyewe badala ya kuwauliza tu. Matokeo yalitoka 1998: ndugu au mtoto wa mgonjwa alikuwa na uwezekano wa asilimia 22 wa kupata ugonjwa huo kufikia miaka 80, na ndugu wa wasio wagonjwa asilimia 2.3. Hiyo ni karibu mara kumi. Tena huko ni Uholanzi, ambako ugonjwa wenyewe si mwingi. Sisi Waafrika tunaupata zaidi, tunaupata mapema, na unatupofusha haraka.

Kuna jambo lingine ambalo watu hulielewa kinyume. Ukiniambia "baba yangu amepofuka", ninaandika. Ukiniambia "dada yangu ameanza matone", ninaweka kalamu chini na kukutazama. Utafiti wa Baltimore, Marekani, wa 1994, uliochanganya weusi na weupe, ulikuta kuwa mwenye ndugu wa tumbo moja anayeugua yuko hatarini karibu mara nne, na mwenye mzazi anayeugua mara mbili na ushei. Kwa hesabu ya shule, mzazi na ndugu wote mnashiriki nusu ya vinasaba, kwa hiyo tofauti hiyo haingetakiwa kuwepo. Maelezo yangu ni ya kawaida tu: wazazi wa enzi hizo hawakupimwa. Wengi walifariki wakiitwa vipofu wa uzee, au wa mtoto wa jicho ambaye hakuiva. Ndugu yako yuko hai, yuko karibu, amepimwa kwa mashine. Ushahidi wake ni safi kuliko wa wazee. Wewe una ushahidi wa pande zote mbili.

Sasa ile 19 ya kanisani, ambayo ndiyo iliyonifanya nikujibu kwa urefu.

Msukumo wa kawaida wa jicho huandikwa kuwa kati ya 10 na 21, milimita za zebaki. Kwa hiyo 19 iko ndani ya uzio, na aliyekuambia uko sawa hakukudanganya kuhusu namba. Alikudanganya, bila kujua, kuhusu ugonjwa. Wagonjwa wengi wa glakoma ukiwapima mara moja unakuta chini ya 21. Msukumo hupanda na kushuka ndani ya siku moja. Ulipimwa saa sita mchana baada ya ibada, nani anajua alfajiri ulikuwa ngapi? Halafu kuna konea. Mashine hupima msukumo kwa kubonyeza au kupuliza konea, na konea nyembamba hubonyea kirahisi, ikaonyesha namba ndogo kuliko ukweli. Unene wa konea ni miongoni mwa vitu vinavyorithiwa kwa nguvu zaidi katika mwili wa binadamu, na kwa wastani konea za watu weusi ni nyembamba. Kwa hiyo mtu anaweza kurithi kwa pamoja hatari na kitu kinachoificha hatari.

Nakuambia hili kwa uchungu wa mtu aliyekosea. Nikiwa daktari mchanga, mgonjwa wangu mmoja aliyekuwa amebakiza jicho moja alimleta mdogo wake, fundi wa baiskeli. Foleni ilikuwa ndefu. Nilimpima msukumo, 18, nikampiga bega, nikamwambia aende kazini. Sikutanua mboni. Alirudi baada ya miaka sita akiwa hawezi tena kunyoosha rimu, kwa sababu haoni waya za upande wa kushoto. Msukumo wake siku hiyo ulikuwa 20. Tangu wakati huo, ndugu wa mgonjwa akiingia chumbani mwangu, mashine ya msukumo ndiyo ninayoitumia mwisho.

Kwa hiyo ukienda, jua unachokidai. Wakutie matone ya kutanua mboni na kutazama kichwa cha mshipa kwa darubini. Katikati yake kuna shimo tunaloliita kikombe, ugonjwa hulipanua. Wapo wanaozaliwa na kikombe kikubwa, nacho kikombe hurithiwa, hasa kwetu, kwa hiyo usishtuke ukisikia "kikombe ni kikubwa kidogo". Daktari atalinganisha jicho na jicho, na kama kuna kamera au mashine ya kuchora tabaka za neva, apige picha ya leo ili mwaka ujao tuwe na cha kulinganisha nacho. Picha hiyo ya kwanza ina thamani kuliko ripoti yoyote ya jeni. Wapime unene wa konea. Kabla ya kutanua, watazame ile pembe kwa kilenzi cha kuweka juu ya jicho, kwa sababu ipo glakoma ya pembe iliyofunga, na matibabu yake ni tofauti. Kisha mashine ya taa ndogo ndogo ya kupima eneo la kuona. Inachosha, wengi hufanya vibaya mara ya kwanza, usikate tamaa. Siku hiyo usiendeshe gari wala pikipiki, maana mboni iliyotanuliwa haioni karibu na jua litakuumiza kwa saa kadhaa. Usisahihishe vitabu vya mtihani pia. Watoto watapata alama za ajabu.

Nakuru mna hospitali ya rufaa ya kaunti yenye kitengo cha macho. Ndugu walio Kisumu wana Jaramogi, na walio nyumbani hawana hata sababu ya kupanda matatu ya mbali, kwa kuwa hospitali ya macho ya Sabatia iko hapo hapo Vihiga. Ikiwa wote mko safi leo, mimi huwaambia watu wa ukoo kama wenu warudi kila mwaka, au kila miaka miwili wakiwa chini ya 40. Mdogo wenu wa mwisho, hata kama ana 30, asingoje arobaini. Mimi huanza kupima miaka kumi kabla ya umri aliogunduliwa ndugu wa kwanza, na dada aligunduliwa akiwa na 45 hivi, huku bila shaka ugonjwa ulianza kabla.

Usiogope kwamba ukipatikana nao utafuata njia ya mzee. Mzee hakupofushwa na jeni peke yake. Alipofushwa na jeni pamoja na miaka ya kungoja kitu kiive. Mtoto wa jicho ni ukungu wa lenzi yenyewe, na lenzi hubadilishwa hata baada ya miaka kumi. Nyuzi za mshipa zikifa hazirudi, kwa upasuaji, kwa dawa, wala kwa mitishamba, na akija mtu kumuuzia mzee tiba ya kurudisha kuona, mfungieni geti. Lakini msukumo ukishushwa mapema, ugonjwa husimama au hutambaa. Kwa kila milimita moja unayoshusha, uwezekano wa ugonjwa kusonga mbele hupungua kwa karibu asilimia 10. Hakuna sehemu kati ya zile 127 za vinasaba inayopinga hilo.

Dada naye asiache matone kwa kuwa "hayaleti tofauti". Hayaletwi ili aone vizuri. Yanaletwa ili asipoteze alicho nacho. Kama ana pumu na amepewa timolol, arudi kwa daktari leo aseme, kwani dawa hiyo huingia mwilini na kubana mapafu. Na kama kununua chupa kila mwezi ni mzigo, aulize kuhusu leza. Utafiti uliofanywa hospitali ya KCMC huko Moshi, ukachapishwa 2021, uliwagawa wagonjwa wa Tanzania katika makundi mawili: leza ya chujio na matone ya timolol. Baada ya mwaka mmoja, msukumo ulikuwa umedhibitiwa katika macho 61 kati ya kila 100 kwa leza, na 31 kwa matone. Ni majirani zetu, wenye mifuko kama yetu na macho kama yetu. Utafiti huo unanihusu kuliko wa London.

Wale ndugu wanne, usiwatumie ujumbe kwenye kundi la familia. Nimeona ujumbe huo unavyoishia: unafuatiwa na "Amina", halafu picha ya keki ya mtu. Mpigie kila mmoja, na ikiwezekana dada ndiye apige, maana mwenye ugonjwa husikilizwa. Muulizeni na senge, dada ya mzee, ni nani kwenye ukoo huo aliyekuwa akishikwa mkono uzeeni. Msiulize "nani alikuwa na glakoma", hakuna atakayejua neno hilo. Ulizeni nani alianza kujikwaa, nani aliacha kwenda sokoni peke yake, nani alimwaga chai akidhani kikombe kiko pale. Mambo hayo wazee huyakumbuka.

Sasa binti. Katika umri wa miaka 9, kwa historia mliyo nayo, uwezekano wa yeye kuwa ameshaanza ugonjwa wa babu yake ni mdogo sana. Macho yanayowasha, anayoyasugua, meupe yamegeuka rangi ya udongo kidogo: huo ni mzio, na Nakuru yenye vumbi na chavua ina watoto wengi wa namna hiyo. Kinachonitia wasiwasi ni kile kichupa. Matone mengi yanayotuliza mwasho haraka yana steroidi. Tafuta kwenye lebo maneno dexamethasone, betamethasone au prednisolone. Mtoto anatiwa, jicho linapoa siku mbili, mzazi anafurahi, mwezi unaofuata ananunua tena bila kuandikiwa. Na steroidi huziba lile chujio.

Haizibi kwa kila mtu. Tangu miaka ya 1960 inajulikana kwamba karibu theluthi ya watu msukumo wao hupanda kwa kiasi wakitumia steroidi ya macho kwa wiki kadhaa, na wachache, watu 5 hivi katika 100, hupanda vibaya. Nani hao? Walio hatarini zaidi ni watu wenye glakoma na watoto wao. Yaani tabia hiyo nayo hutembea na ukoo. Kuna kisa kidogo hapa ambacho mimi hukipenda: ile protini ya MYOC, kabla haijapewa jina ililo nalo, wanasayansi waliifahamu kama protini ambayo seli za chujio huitengeneza kwa wingi zikimwagiwa steroidi. Waliikuta wakifuatilia dawa, kisha ikageuka kuwa jeni ya ugonjwa. Watoto, kwa bahati mbaya, msukumo wao hupanda upesi na juu zaidi kuliko wa watu wazima, na hawasemi, kwa kuwa hawaumwi.

Kwa hiyo kati yenu wote, aliye na dharura wiki hii ni yeye, si wewe. Usiyakatishe matone ghafla kwa hasira baada ya kusoma haya. Mpeleke kwanza, apimwe msukumo na mshipa, apewe dawa ya mzio isiyo na steroidi, naye daktari aamue namna ya kuyaacha. Maji baridi kwenye kitambaa safi yatamsaidia usiku. Na mkija, mje na kile kichupa, hata kikiwa kitupu, pamoja na idadi ya vichupa mlivyonunua tangu alipoanza darasa la kwanza.